Mpini Usiocheza: Kusanifu Mikono Inayopanda na Kushuka kwenye Kigari cha Kutembelea

Funga breki za kigari cha kutembelea, yaani fremu ya magurudumu manne ambayo mtu mwenye miguu dhaifu huishika na kuisukuma anapotembea, shika mipini yote miwili, kisha sukuma mbele na kurudisha nyuma taratibu bila kukiinua. Ukisikia "kach, kach", na viganja vikasogea nusu sentimita kabla fremu haijaitikia, umeshapata sababu ya bibi kulalamika kwamba kigari chake kinamtupa. Magurudumu yanaweza kuwa mazima kabisa. Kinachocheza ni mpini ndani ya bomba lake, na kwa mtu ambaye mikono ndiyo inayoisaidia miguu kusimama, katika ile nusu sentimita anakuwa ameegemea kitu kisichomjibu.

Kwenye sakafu laini ya wodini tatizo hili hujificha. Mtoe mgonjwa huyohuyo nje, umshushe mteremko wa kutoka Mwanga kuelekea stesheni ya reli ya Kigoma, au umpitishe kwenye mchanga wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako gurudumu la upande mmoja linazama kuliko la pili, na mpini utatikisika kila hatua. Kila mtikisiko unalegeza nati kidogo na kupanua kitundu kidogo, kwa hiyo kigari kilichoanza na mchezo mdogo hakibaki hapo.

Makala haya ni kwa mafundi wa kuchomelea, wataalamu wa mazoezi ya viungo na familia zinazoagiza kigari kitengenezwe hapahapa mjini. Tunazungumzia kiungo kimoja tu: pale bomba la mpini linapoingia kwenye bomba la fremu.

Kwa nini usichomelee tu ukamaliza?

Mpini uliochomelewa moja kwa moja hauchezi kamwe, na kama kigari ni cha mtu mmoja ambaye vipimo vyake vimechukuliwa vizuri, hiyo ndiyo njia bora. Tunaisema wazi kwa sababu mafundi wengi huweka mpini wa kupanda na kushuka kwa kuwa tu vigari vya dukani vina mpini huo. Lakini kigari cha zahanati hupita mikononi mwa watu wengi, na hata kigari cha nyumbani hurithiwa: leo ni cha babu mrefu, mwakani ni cha bibi mfupi. Hapo ndipo urekebishaji unapokuwa na maana.

Urefu sahihi hupimwa mtu akiwa amesimama na viatu anavyovaa kila siku, mikono ikining'inia bila kukazwa. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Sehemu ya juu ya kishikio iwe hapo. Akishika, kiwiko kitajikunja kidogo, kati ya nyuzi 15 na 30. Kwa watu wazima kipimo hicho huangukia pungufu kidogo ya nusu ya kimo: mwenye sentimita 150 atapata kama 73, mwenye 175 atapata kama 85. Mpini ukizidi juu, mabega hupanda masikioni na mtu hushindwa kujisukuma kwa viganja. Ukizidi chini, anainama, uzito unahamia mbele, na kwenye mteremko kigari kinamkimbia.

Kwa hiyo masafa ya sentimita 70 hadi 90 yanawatosha karibu watu wazima wote. Hizo ni sentimita 20 za kupanda na kushuka. Weka vitundu kila baada ya milimita 25, jumla vitundu tisa. Ukiviweka kila baada ya milimita 50, mtu anaweza kukosa kipimo chake kwa sentimita mbili na nusu, na hizo huonekana mabegani. Kwa milimita 25, kosa kubwa kabisa ni kama sentimita moja na robo.

Kazi mbili, vifaa viwili

Tatizo lote limelala hapa. Kiungo cha mpini kina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kubeba uzito usishuke. Ya pili ni kuuzuia mpini usiyumbe wala usijizungushe.

Pini, yaani boliti iliyopita kwenye vitundu vya mabomba yote mawili, hufanya kazi ya kwanza vizuri sana. Boliti ya M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6, haiwezi kukatwa na uzito wa binadamu. Chuma cha bomba kitachoka kabla yake. Lakini pini haizuii kuyumba, kwa sababu ili iingie lazima kitundu kiizidi kidogo, na ili bomba la ndani lipande na kushuka lazima liwe jembamba kuliko tundu la bomba la nje. Nafasi hizo mbili ndizo mchezo wenyewe.

Kibano, yaani kitu kinachobana bomba la ndani dhidi ya la nje, huondoa mchezo vizuri. Lakini kibano peke yake kisipewe uzito wa mtu. Kinashika kwa msuguano tu, na msuguano huondoka nati ikilegea, bomba likipakwa mafuta, au mvua ikiingia. Mpini ulioshikiliwa na kibano pekee hauanzi kwa kulalamika. Unashuka ghafla, kwa kawaida upande mmoja, wakati mtu amejiegemeza kwa nguvu zake zote.

Basi pini ibebe, kibano kitulize. Kigari kisicho na kimojawapo hakijakamilika, hata kikipakwa rangi nzuri namna gani.

Mabomba yanayoingiana

Kabla ya kununua, jihadhari na mtego mmoja wa madukani. Bomba la samani huuzwa kwa kipimo cha nje: la inchi moja ni milimita 25.4 nje. Bomba la maji huuzwa kwa jina ambalo si kipimo chake: la "nusu inchi" nje yake ni milimita 21.3. Ukichanganya aina hizo mbili kwa kusoma majina, utarudi dukani. Nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo na unene. Bomba la maji pia ni zito kwa kazi hii, na lile lililopakwa zinki hutoa moshi wenye sumu likichomelewa.

Tuchukue mabomba ya mviringo ya samani. La nje ni la milimita 25.4 lenye ukuta wa 1.6, kwa hiyo tundu lake ni 22.2. La ndani nje yake ni 22.2. Kwenye karatasi yanaingiana sawasawa. Dukani hayaingii, kwa sababu bomba la nje lina mshono uliovimba kwa ndani. Ukichukua la nje lenye ukuta wa 1.2, tundu linakuwa 23.0, na sasa kuna nafasi ya milimita 0.8. Inaonekana ndogo, lakini hesabu yake inashangaza.

Mpini huinama kwa kiasi kinacholingana na nafasi hiyo ukigawanya kwa urefu wa sehemu iliyozama ndani. Tuseme sehemu iliyozama ni milimita 60 tu, na kishikio kiko milimita 300 juu ya mdomo wa bomba la nje. Zidisha 300 kwa 0.8, gawanya kwa 60: kishikio kinasogea milimita 4 mbele na 4 nyuma, jumla 8. Zamisha milimita 150 badala ya 60, na jumla inashuka hadi 3.2. Mabomba ni yaleyale, bei ni ileile. Umeongeza sentimita tisa tu za kuzama.

Kuzama kunaokoa chuma pia. Mtu wa kilo 100 akijikwaa na kuangukia mpini mmoja, anaweka kama nyutoni 1,000 kwenye kishikio. Kiganja kikiwa sentimita 10 nyuma ya bomba lililosimama, nguvu ya kupinda ni nyutoni-mita 100. Ikipokelewa na milimita 60 za kuzama, kila ncha ya kiungo inasukumwa kwa zaidi ya nyutoni 1,600, sawa na kilo 170 hivi zilizokandamiza mdomo mwembamba wa bomba. Ndiyo maana midomo ya vigari vingi huwa imefunguka kama yai. Kwa milimita 150, msukumo huo hushuka hadi nyutoni 670 hivi.

Sheria tunayoitetea: mpini ukiwa juu kabisa, kuzama kusipungue milimita 120. Vipimo vinavyotimiza hilo ni hivi. Kitundu cha pini kwenye bomba la nje kiwe milimita 70 chini ya mdomo. Kwenye bomba la ndani, kitundu cha chini kabisa kiwe milimita 60 kutoka ncha yake ya chini, na cha tisa kitakuwa 260. Mpini ukiwa juu kabisa, kuzama ni 70 kujumlisha 60, yaani 130. Ukiwa chini kabisa, milimita 330 ziko ndani, kwa hiyo bomba la nje liwe na nafasi ya urefu huo isiyo na boliti wala mshono wa weldi unaochungulia ndani. Sehemu iliyonyooka ya bomba la mpini itahitaji milimita 380, na baada ya hapo ndipo upinde au uchomelee kishikio.

Atakuja mteja mrefu. Usitoboe kitundu cha kumi chini ya kile cha 60. Huko ndiko kuzama kunakoibiwa, na kosa hilo halionekani kwa macho, kwa kuwa limejificha ndani ya bomba. Mkatie bomba jipya refu zaidi.

Kitundu kielekee wapi

Hili mafundi wengi hawajaambiwa, na ndilo linaloamua kama bomba litakatika. Mtu anapokandamiza kishikio kilichoelekea nyuma, bomba linapindwa mbele na nyuma. Ukuta wa mbele unavutwa, wa nyuma unasongwa, na kuta za pembeni karibu hazifanyi kazi. Ukitoboa kitundu cha milimita 6.5 mbele na nyuma kwenye bomba la milimita 22.2 lenye ukuta wa 1.6, unaondoa kama asilimia 40 ya uwezo wake wa kukataa kupinda mahali hapo. Ukitoboa pembeni, kushoto kwenda kulia, unaondoa kidogo sana.

Na hakuna ziada ya kuchezea. Kwa nyutoni-mita 100, bomba hilo zima lisilotobolewa tayari linabeba kama nyutoni 200 kwa kila milimita ya mraba, wakati chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kikifika 235 hivi. Kwa hiyo pini ipite kushoto kwenda kulia. Kila mara.

Kutoboa kwenyewe kunahitaji utulivu. Funga mabomba mawili ya ndani, la kushoto na la kulia, pamoja kwenye jiliwa. Weka alama zote ukipima kutoka ncha moja: 60, 85, 110, kuendelea hadi 260. Usipime kutoka kitundu hadi kitundu, maana kosa la nusu milimita kila hatua litakuwa milimita nne ufikapo cha tisa, na mpini wa kushoto hautalingana na wa kulia. Gonga alama kwa senta panchi. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, halafu ya 6. Ili kitundu kitoke sawasawa upande wa pili, chukua kipande cha chuma cha pembe, kitoboe kitundu cha mwongozo, ukilaze juu ya bomba na upitishe biti humo. Biti ya milimita 6 kwenye drili ya mkono hutoboa zaidi ya 6 kidogo, na shingo ya boliti ya M6 huwa pungufu kidogo ya 6. Inatosha. Usichukue ya 6.5 kwa ajili ya urahisi.

Sababu ni kujizungusha. Kwenye bomba la mviringo, kinachozuia kishikio kisigeuke kushoto na kulia ni pini peke yake. Boliti ya 6 kwenye vitundu vya 6.5 vya mabomba yote mawili inaruhusu ncha ya kishikio cha sentimita 12 kuyumba kama milimita 5 kila upande. Mtu anaposhika kona ya nyumba, mpini unageuka kwanza, kigari kinafuata baadaye.

Boliti iwe na shingo laini inayofika hadi ukuta wa pili wa bomba, nyuzi zianzie nje. Boliti yenye nyuzi mwili mzima ni tupa: kila hatua inakereza kitundu, na baada ya muda kitundu cha duara kimekuwa kirefu kama tundu la kifungo. Msumari uliokunjwa ni mbaya zaidi, maana ni mwembamba na hauna kitu cha kuukaza.

Bomba la mraba ni rafiki wa fundi wa mjini

Kibano cha mviringo kinatengenezwa kwa kupasua mdomo wa bomba la nje na kuuvuta kwa masikio mawili na boliti, kama pale mti wa kiti cha baiskeli unapobanwa. Kina siri yake. Ili tundu la 23.0 libane bomba la 22.2, mzunguko wa mdomo lazima upungue kwa milimita 2.5. Ukipasua kwa diski ya grainda ya milimita 1, ufa utajifunga wote kabla kibano hakijagusa bomba la ndani. Fundi anakaza, boliti inalia, mpini bado unacheza. Ufa uwe na upana wa milimita 3, urefu wa 40, uishie kwenye kitundu cha milimita 5 ili usiendelee kuchanika, na uwe upande wa nje wa kigari, si mbele wala nyuma. Chomelea masikio kwanza, pasua baadaye, kisha safisha ndani kwa tupa ya nusu duara.

Yote hayo yanawezekana. Lakini kwa karakana yenye grainda, drili na mashine ya kuchomelea ya kawaida, bomba la mraba linatoa matokeo mazuri zaidi kwa jasho dogo. La nje 25 kwa 25 lenye ukuta wa 2; la ndani 20 kwa 20 lenye ukuta wa 1.5. Haliwezi kujizungusha kwa sababu ya umbo lake, na hilo la ndani ni imara kuliko la mviringo la 22.2. Tundu ni 21, nafasi ni milimita 1, na hiyo tunaiondoa kwa mambo mawili.

Juu, karibu na mdomo, weka boliti ya konani. Kama milimita 25 chini ya mdomo, toboa kitundu cha milimita 9 kwenye ukingo wenyewe wa bomba la nje, ule wa mbele kwa upande wa nje. Sawazisha ukingo kwa grainda kidogo ili nati ya M8 ikae, kisha ichomelee hapo. Boliti ikikazwa husukuma ukingo wa bomba la ndani kwa mshazari, nalo linalala kwenye kona iliyo mkabala, likigusa kuta mbili kwa mpigo. Boliti moja inaua mchezo wa mbele na nyuma na wa kushoto na kulia. Tumeichagua kona ya mbele kwa sababu uzito wa mtu tayari unausukuma mpini nyuma pale mdomoni, kwa hiyo boliti na mzigo vinasaidiana. Pia haitanasa kanga wala shuka la mtumiaji.

Ncha ya boliti isiguse bomba moja kwa moja. Itaacha shimo, na kesho mpini utakuwa unarudi kwenye shimo hilohilo. Weka kipande kidogo cha plastiki ngumu au shaba mbele yake. Kichwani chomelea kipande cha chuma bapa kiwe kishikio cha vidole. Ikazwe kwa mkono tu. Anayeikaza kwa spana anabonyeza ukuta wa milimita 1.5.

Chini, kwenye ncha ya bomba la ndani, weka vipande viwili vya plastiki kwenye pande mbili zinazopakana: wa mbele na wa nje. Plastiki ya dumu la mawese inafaa kabisa, na Kigoma hayakosekani. Unene wa dumu haulingani mahali pote. Mabega yake ni manene kuliko tumbo. Tembeza kalipa hadi upate milimita 0.8 hadi 0.9. Kata ukanda wa upana wa milimita 15 na urefu wa 60, ukunje nusu uingie ndani ya ncha ya bomba na nusu ibaki nje, kisha gongomea kizibo cha plastiki kuushikilia. Mpini ukielemewa, ncha ya chini hutaka kwenda mbele, na hapo inakutana na plastiki badala ya uwazi. Bomba linakaa limelala kidogo sana, hata nusu nyuzi haifiki. Hakuna atakayeona. Mkono husumbuliwa na kitu kinachosogea, hausumbuliwi na kitu kilichoinama kikatulia.

Kwenye kuchomelea kuta hizi nyembamba tumia kijiti cha milimita 2 au 2.5 na umeme mdogo, ukiruka kidogokidogo. Kabla ya kupaka rangi, hakikisha bomba la ndani linateleza. Likipita kwa shida likiwa wazi, halitapita likishapakwa. Bora bomba la ndani lisipakwe rangi sehemu inayozama, lifutwe kwa mshumaa. Grisi usiweke. Vumbi letu jekundu likishikana na grisi linakuwa msasa. Toboa pia kitundu cha milimita 5 chini kabisa ya bomba la nje ili maji ya masika yatoke, vinginevyo kutu itayaunganisha mabomba mawili kuwa moja.

Kupanda kwa mpini kunahamisha mizani

Kigari cha magurudumu manne kama tunavyokijua kilitokana na wazo la Aina Wifalk wa Sweden, mwaka 1978, mwanamke aliyekuwa amepooza kwa polio. Ubora wake ni kwamba mtu anatembea akiwa ndani ya eneo la magurudumu, hasukumi toroli lililo mbele yake. Mpini mbaya unaweza kuuharibu ubora huo.

Bomba la mpini likiwa limelala nyuma kwa nyuzi 15, kuupandisha kwa milimita 200 kunarudisha kishikio nyuma kwa milimita 52. Kigari kilichokuwa imara kwa mtu mfupi kinaweza kupinduka nyuma kwa mtu mrefu, ambaye kwa kawaida ndiye mzito. Pima ukiwa umeupandisha hadi mwisho: dondosha uzi wenye nati kutoka ncha ya nyuma ya kishikio. Nati itue mbele ya ekseli ya magurudumu ya nyuma kwa milimita 40 au zaidi. Ikitua nyuma yake, simamisha bomba wima zaidi au rudisha magurudumu nyuma. Bomba lililosimama wima halina tatizo hili, na ndilo tunalopendelea.

Waya wa breki nao hupanda na mpini. Kava yake iachiwe nafasi ya kutosha kwa kipimo cha juu kabisa, maana ikivutika inachomoka kwenye kiti chake na breki ya upande huo inakufa kimyakimya. Mpini ukishushwa, waya wa ziada ufungwe na fremu, usining'inie ukanasa kitasa cha mlango.

Kishikio chenyewe: chomelea juu ya bomba la mraba kipande cha bomba la mviringo la milimita 22, sentimita 12, na kwenye kona weka pembetatu ya bati la milimita 3, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ya kupinda ilipo kubwa. Raba za usukani wa baiskeli hukaa vizuri kwenye kipimo hicho. Zigundishe kwa solusheni ya kuzibia pancha. Raba inayozunguka kiganjani kwa jasho ni hatari sawa na mpini unaocheza. Kwa mwenye vidole dhaifu, zungushia kwanza ukanda wa tyubu hadi unene ufike milimita 32 hadi 35.

Baadhi ya vigari vya alumini vya kiwandani hutumia kitufe cha springi badala ya boliti. Kinachoviharibu ni vumbi: kitufe kinatokeza nusu, kinalia "tik", mtu anaamini kimeingia. Kiangalie kwa macho na ukibonyeze kwa kidole. Kikiwa kimechoka na kipuri hakipo, boliti ya M6 yenye shingo laini itachukua nafasi yake.

Kabla hakijatoka karakana

Pandisha mipini juu kabisa. Ning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye ncha ya nyuma ya kila kishikio kwa wakati mmoja; magurudumu ya mbele yasiinuke. Kisha weka mifuko miwili kwenye kishikio kimoja, katikati yake, fremu ikiwa imeshikiliwa, kwa dakika kumi. Pima urefu kutoka sakafuni kabla na baada. Ukishuka na usirudi, chuma kimepinda. Tafuta kama ni kona ya juu au ni kwenye kitundu.

Halafu chukua mizani ya ndoano, kama ile ya wauza samaki. Vuta kishikio kwa kilo 5 kwenda mbele, kisha nyuma, kisha kila upande, huku rula ikiwa imefungwa kwenye bomba la nje. Mwendo wote kutoka upande hadi upande usizidi milimita 3. Ukizidi, legeza boliti ya kona na ujaribu tena: mwendo ukiongezeka sana, boliti inafanya kazi na tatizo liko kwenye plastiki za chini, usipobadilika, boliti haigusi chochote.

Sukuma kigari kilometa moja kwenye barabara ya changarawe na mzigo wa kilo 20, kisha shika kila nati kwa vidole. Iliyogeuka ibadilishwe iwe nati yenye nailoni ndani, au ikazwe kwa nati ya pili juu yake. Mfundishe anayekaa na mgonjwa mpangilio mmoja: pini kwanza, nati ya pini pili, boliti ya kona mwisho. Akianza na boliti ya kona, mpini utasimama wenyewe bila pini, utaonekana mzima, na mtu ataushika.